Theluji ya Lenana si Theluji ya Alps: Maswali ya Wapanda Milima

Barua tulizochagua safari hii zote zinahusu theluji. Wapo wanaoelekea Mlima Kenya masika yakiwa yamekolea, wapo walio Ulaya masomoni na kazini, na kuna anayefunga mizigo kwenda Nepal. Tumezifupisha barua, lakini maswali ni yao wenyewe. Saa zote tulizotaja ni saa za Kiswahili.

SWALI: Sisi ni kikundi cha watu tisa kutoka Kasarani. Likizo tuliyopata ni ya Aprili pekee, kwa hiyo tutapanda Lenana, kilele cha tatu cha Mlima Kenya, kwa njia ya Sirimon. Tumeona video za watu wakitembea kwenye theluji inayofika magotini. Je, kuna hatari ya poromoko la theluji? *Kikundi cha Kasarani*

JIBU: Kwenye njia ya kawaida ya Sirimon, poromoko kubwa kama yale ya Ulaya ni nadra. Sababu ni jua la ikweta. Theluji ya usiku hupigwa na jua kali asubuhi, ikalainika, kisha usiku ikaganda tena. Siku chache za mzunguko huo huishikamanisha au huimaliza kabisa kabla haijapata nafasi ya kujipanga tabaka juu ya tabaka. Hata hivyo, ikianguka theluji mpya ya sentimita 30 au zaidi kwa siku moja juu ya barafu ngumu au mwamba mkali, na upepo ukairundika upande mmoja, itateleza, hata kama ni Mlima Kenya. Mahali pa kuhofia ni ile mifereji mikali inayoshuka kutoka vilele vya Batian (mita 5,199) na Nelion (mita 5,188), pamoja na kuta zinazoelekea barafuto (barafu ya kudumu ya mlimani) ya Lewis. Theluji ikiwa mpya, msisimame kunywa chai chini ya mifereji hiyo, wala msipige hema hapo.

Mnachopaswa kujiandalia zaidi ni kuteleza, kupotea kwenye ukungu na baridi inayoingia kupitia nguo mbichi. Kutoka kambi ya Shipton, iliyo karibu mita 4,200, hadi Lenana yenye mita 4,985, mnapanda karibu mita 800, na wengi huondoka saa nane au saa tisa usiku. Saa hizo, maji yote yaliyoyeyuka jana yameganda njiani. Chini ya theluji kuna changarawe isiyotulia, kwa hiyo mguu unaweza kuzama na kuteleza kwa hatua ile ile moja. Karibu na kilele kuna vyuma vya kukanyagia na nyaya za kushika. Navyo huvaa barafu, na glavu za sufi zikilowa huganda zikanata kwenye waya.

Kila mmoja awe na ile minyororo yenye meno mafupi ya chuma inayovutwa juu ya buti kwa mpira. Ijaribuni hapa Nairobi mkiwa na buti lile lile mtakalopandia, mshuke nayo kilima cha murram. Ikizunguka na kwenda upande, ni kubwa, ibadilisheni. Minyororo hiyo inatosha kwa njia ya miguu tu. Haitoshi kwa barafu ya Lewis wala kwa mteremko wa nyuzi 30 na zaidi. Huko panahitajika kramponi, yaani vyuma vya kufunga chini ya buti, za meno 10 au 12, buti lenye soli isiyopinda, shoka la barafu na mtu aliyefundishwa kujizuia kwalo akianguka. Jinzi na fulana za pamba zibaki kambini. Beba glavu jozi mbili, moja ikae ndani ya mfuko wa plastiki hadi ile ya kwanza ilowe.

Kubalianeni saa ya kugeuka kabla hamjaondoka, maana juu kule hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kulitamka. Tunapendekeza saa moja na nusu asubuhi. Pia mgeuke wakati wowote mtu wa mwisho akiwa hawezi kumwona aliye hatua 20 mbele yake. Kwa watu tisa, awepo mwelekezi mbele na mwingine nyuma. Na mwenzenu akitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka huku ulimi ukiwa mzito na miguu ikijikwaa, msimchukulie kuwa amechoka tu. Joto la mwili wake limeshuka. Mvueni nguo mbichi, mvisheni kavu pamoja na kofia, mpeni chai yenye sukari nyingi kama bado anaweza kumeza vizuri, na mshuke naye wakati huo huo. Anayekohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa naye ashuke, bila kungoja kupambazuke.

Likizo ikiweza kusogezwa, Januari, Februari au Agosti kutawapa njia iliyo wazi zaidi.

SWALI: Nasoma Innsbruck, Austria, kwetu ni Embakasi. Wenzangu chuoni wamenialika Februari tupande mlima kwa skii (zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji), nje kabisa ya njia zilizotengenezwa. Nimefika Lenana zaidi ya mara moja na pumzi ninayo. Kuna cha kuogopa? *Mwana wa Embakasi*

JIBU: Pumzi itakufikisha juu. Unachokosa ni ujuzi wa theluji inayokaa mlimani miezi mitano bila kuisha, na huo Mlima Kenya hauna namna ya kukupa.

Theluji ya majira ya baridi hujipanga. Kila dhoruba huacha tabaka lake, na hali ya hewa kati ya dhoruba moja na nyingine huacha alama yake juu ya tabaka hilo. Usiku mkavu usio na mawingu, sakitu, yaani umande ulioganda, huota juu ya theluji, na dhoruba inayofuata huifukia ikiwa nzima. Mwanzoni mwa msimu, theluji ikiwa haba na baridi ikiwa kali, chembe zilizo karibu na ardhi hukua zikawa kubwa na zisizoshikana; ukizichota kiganjani zinamwagika kama sukari. Hilo ndilo tabaka dhaifu. Juu yake, dhoruba na upepo hujenga bamba, yaani theluji iliyoshikana kuwa kitu kimoja. Bamba linaweza kukaa hivyo kwa wiki kadhaa. Kisha mtu mmoja anapita, uzito wake unapenya hadi kwenye tabaka dhaifu, zile chembe zinasagika, na ufa unakimbia pande zote kabla hajageuza hata skii. Mteremko mzima unaondoka kwa pamoja naye akiwa katikati yake. Piga hesabu: bamba la mita 50 kwa 50 lenye unene wa nusu mita ni mita za ujazo 1,250. Kwa kilo 200 kila mita ya ujazo, hizo ni tani 250.

Katika ajali nyingi za aina hii, bamba hufyatuliwa na aliyefukiwa mwenyewe au na mtu wa kikundi chake. Haliji tu kutoka mbinguni. Ndiyo maana kuchagua mahali pa kupita kuna uzito kuliko kifaa chochote utakachobeba.

Anza na taarifa ya hatari. Kwa Tirol, jimbo la Innsbruck, hutolewa kila siku ya msimu saa kumi na moja jioni, ikihusu kesho yake. Isome jioni hiyo hiyo, wakati bado ni rahisi kubadilisha safari. Viwango ni vitano: 1 ni hatari ndogo, 2 ya wastani, 3 kubwa kiasi, 4 kubwa, 5 kubwa mno. Usiishie kwenye namba. Taarifa hueleza pia tatizo lenyewe: theluji mpya, bamba la upepo, tabaka dhaifu la kudumu, theluji iliyolowa, au theluji inayoteleza yote juu ya nyasi. Hueleza liko pande zipi za mlima na kuanzia mwinuko gani. Ukisoma "kaskazini na mashariki, juu ya mita 2,200", chukua ramani na ufute kila njia inayopita huko. Kiwango cha 3 kiogope hasa. Kwa kuwa kiko katikati, watu hukiona cha kawaida, ilhali Uswisi karibu nusu ya vifo hutokea siku za kiwango hicho. Kwa 3, mtu mmoja anatosha kufyatua bamba.

Kisha pima mteremko. Mabamba mengi hufyatuka kati ya nyuzi 30 na 45, hasa karibu na 38. Chini ya 30 ni nadra kuanza. Kwenye ramani ya 1:25,000 yenye mistari ya mwinuko kila mita 20, mistari ikikaribiana kuliko milimita 1.4, hapo pamepita nyuzi 30. Ukiwa mlimani, tumia fimbo zako mbili za skii zenye urefu sawa, tuseme sentimita 120. Moja isimame wima, ncha ikigusa theluji. Ya pili ishike ikiwa mlalo kabisa, kichwa chake kikigusa ile ya wima na ncha ikielekea upande wa juu wa mteremko. Ipandishe au ishushe hadi ncha iguse theluji. Zikikutana sentimita 69 kutoka chini, mteremko ni nyuzi 30. Zikikutana juu zaidi ya hapo, ni mkali zaidi. Zikikutana kichwani kabisa, ni 45. Funga utepe mwekundu kwenye hizo sentimita 69 ukiwa bado nyumbani. Upimie pembeni, kwenye kimteremko kifupi kinachofanana na kile unachokihofia, usiende katikati yake ndipo upime.

Kwa msimu wako wa kwanza tungekuwekea mpaka ulio wazi: kiwango cha 3, usipite mahali panapofika nyuzi 30, wala chini ya mahali kama hapo. Watu husahau la pili. Unaweza kuwa umesimama kwenye tambarare, ukafyatua bamba lililo juu yako kwa sababu tabaka dhaifu limeunganika hadi ulipo. Kiwango cha 4, nenda kwenye njia zilizotengenezwa na kufunguliwa, au ubaki na vitabu vyako.

Njiani, masikio na macho yawe kazini. Mlio mzito wa "wumm" chini ya miguu ni tabaka dhaifu likiporomoka, na nyufa zinazokimbia kutoka kwenye ncha ya skii ni habari hiyo hiyo. Mkisikia au kuona hivyo, rudini kwa njia mliyojia, hata kama kilele kiko pale. Poromoko la jana kwenye mteremko wa jirani unaoelekea upande mmoja na wenu linasema wenu nao uko tayari. Upepo hukusanya theluji upande uliokingwa, kwa hiyo ukiona kilele kinafuka unga wa theluji, jua upande wa pili bamba linajengwa saa hiyo, hata kama hakuna theluji inayoanguka. Joto la ghafla na mvua juu ya theluji huharibu mambo kwa muda mfupi sana. Kuanzia Machi, hakikisheni mmeshashuka kabla ya saa tano asubuhi.

Mkipanda, achianeni angalau mita 10. Mkishuka mahali pakali, mmoja mmoja, wengine wakitazama wakiwa mahali salama, si katikati ya mteremko. Na mwenzako akikuambia "tulipita hapa wiki jana", muulize upepo na theluji vimefanya nini tangu wakati huo. Una haki ya kusema hapana ingawa wewe ndiye mgeni. Kabla ya Februari, tafuta kozi ya siku mbili ya usalama wa theluji; vyama vya wapanda milima huko huzifanya kila msimu.

SWALI: Ni kweli mtu akipiga kelele theluji inaporomoka? *Msomaji wa Buruburu*

JIBU: Hapana. Nguvu ya sauti ya mtu ni ndogo mno kusagisha tabaka dhaifu. Kinachofyatua ni uzito: mtu, theluji mpya, mvua, kipande cha ukingo wa theluji kilichokatika, au baruti. Kwa hiyo ukiona mwenzako yuko hatarini, mwite kwa sauti yako yote.

SWALI: Binamu yangu aliye Canada ameniletea transiva ya zamani, ile ya kutuma na kupokea mawimbi, ya kutafutia mtu aliyefukiwa. Naenda Alps mwezi wa Januari. Naweza kuitumia, na naweza kujifunzia hapa Nairobi? *Fundi wa Lang'ata*

JIBU: Anza kwa kufungua mlango wa betri. Ukikuta unga mweupe au kijani kwenye vibati, betri zilivuja, na kifaa hicho usikiaminie maisha ya mtu hata kikiwaka. Kisha angalia masafa. Leo vyote hutumia kilohezi 457. Vya kale kabisa vilitumia masafa mengine, na hivyo havisikilizani na vya wenzako. Mwisho, hakikisha kina antena tatu. Chenye antena moja kinaweza kumpata mtu mikononi mwa aliyekizoea miaka mingi, lakini kwa anayeanza kinakula dakika, na dakika ndizo zisizopatikana. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 hivi, uwezekano wa kumkuta hai ni mkubwa sana. Baada ya hapo unaporomoka upesi, na kufikia nusu saa waliosalia ni wachache, maana hewa imekwisha. Ndiyo maana kikosi cha uokoaji, hata kikija kwa helikopta, mara nyingi huchelewa. Waokoaji ni ninyi mliopo.

Transiva peke yake haitoshi. Kila mtu, si mmoja kwa kikundi, awe na transiva, fimbo ya kuchomea ya kukunjwa yenye urefu wa sentimita 240 au zaidi, na sepetu ya chuma. Ya plastiki hupinda au kuvunjika, kwa sababu theluji ya poromoko ikisimama huganda ngumu. Betri ziwe za alkali, mpya, za aina moja. Usichanganye nzee na changa. Transiva huvaliwa juu ya nguo ya ndani kwa mikanda yake, chini ya koti. Simu ikae angalau sentimita 20 mbali nayo wakati inatuma, na sentimita 50 wakati wa kutafuta. Afadhali zaidi, simu za wanaotafuta zizimwe, isipokuwa ile iliyopiga kuomba msaada.

Utafutaji huenda hivi. Tazama mahali alipoonekana mara ya mwisho na usiondoe macho hapo hadi theluji isimame. Hakikisheni hakuna poromoko jingine juu yenu. Wote wageuze transiva kuwa za kupokea. Mmoja akisahau kubadilisha, mtamtafuta yeye. Anzeni chini ya alipoonekana mwisho, mkipita kwa mistari iliyoachana si zaidi ya mita 50, macho yakitafuta pia glavu au skii iliyotokeza. Mawimbi yakipatikana, fuata mshale kwenye kifaa huku namba ya umbali ikishuka. Mshale hukupitisha njia iliyopinda, na hiyo ni sawa. Kuanzia mita 10 punguza mwendo. Kuanzia mita 3 piga magoti, teremsha kifaa hadi juu ya theluji, kipeleke mbele na nyuma, kisha kushoto na kulia, polepole, bila kukizungusha. Palipo na namba ndogo kabisa, weka alama.

Hapo choma fimbo ikiwa wima dhidi ya uso wa mteremko, si wima kuelekea angani, ukizunguka kutoka katikati kwenda nje kwa umbali wa sentimita 25 kila tundu. Mwili hurudisha mguso laini, tofauti na ardhi au jiwe. Ukimgusa, acha fimbo palepale. Soma kina kwenye fimbo, ushuke upande wa chini wa mteremko mara moja na nusu ya kina hicho, uanze kuchimba kuelekea kwake. Akiwa mita moja chini, simama mita moja na nusu chini ya fimbo. Kosa la kawaida ni kuchimba shimo wima kutoka juu: waokoaji wanamkanyaga, wanabana ile hewa kidogo iliyobaki mbele ya uso wake, na theluji haina pa kwenda. Mmoja akate mbele, wengine nyuma yake waisukume theluji ishuke, wabadilishane kila dakika moja au mbili. Mfikieni kichwa na kifua kwanza. Toeni theluji kinywani; asipopumua, mpulizieni pumzi hapo hapo kabla ya kuendelea kumfukua miguu.

Mazoezi ya Nairobi yanawezekana sana. Unahitaji kifaa kingine kinachotuma. Mwombe mtu akifunge ndani ya mfuko, akifiche kwenye majani marefu ya uwanja mkubwa, mbali na nyaya za umeme na magari, nawe uanze umbali wa mita 50. Rudia hadi ukipate ndani ya dakika tatu. Kuchoma na kuchimba jifunzie kwenye rundo la mchanga la mjengo, kwa ruhusa ya mwenye mjengo: fukia gunia lililojazwa nguo, lichome, lisikie mkononi, kisha ulinganishe na ubao. Mkono ukishajua tofauti hiyo, hausahau.

SWALI: Kijana wangu amepata kazi ya hoteli Austria, kwenye mji wa watu wa kuteleza kwa skii. Nikiona habari za maporomoko silali. Yuko hatarini? *Mama wa Umoja*

JIBU: Mama, ndani ya njia za skii zilizowekwa alama na kufunguliwa, wapo watu wa kazi wanaokagua mteremko alfajiri, hulipua theluji inayotishia, na kufunga palipo na shaka. Akibaki humo, hatari ya poromoko ni ndogo sana.

Mwambie ajihadhari na siku za mapumziko. Vijana wa hoteli hupanda lifti pamoja, kisha mmoja anasema wapite mita 50 tu nje ya kamba ya mpaka wa njia kwa sababu theluji ya huko haijakanyagwa. Nje ya kamba hakuna aliyekagua chochote, na yote tuliyomjibu yule wa Innsbruck yanamhusu. Kijibati cha kuakisi mawimbi kilichoshonwa kwenye koti hakimsaidii kwa wenzake. Husomwa na kifaa cha vikosi vya uokoaji pekee.

Lipo jambo jingine linalohusu kazi yake moja kwa moja: mapaa. Akitumwa kufagia theluji mlangoni, kwanza atazame juu. Theluji ya paa na mikuki ya barafu huanguka bila onyo jua likitoka. Na aulize bima yake kama inalipia helikopta ya uokoaji, maana bima ya kawaida ya afya mara nyingi hailipi ajali ya michezo milimani. Namba za kuhifadhi kwenye simu ni 140 kwa uokoaji wa milimani Austria, na 112 popote Ulaya.

SWALI: Tangu James Kagambi afike kilele cha Everest mwaka 2022 nimekuwa nikiitamani Nepal. Oktoba natembea mzunguko wa Annapurna. Sipandi barafu, natembea tu. Bado theluji inanihusu? *Mwalimu, Kikuyu*

JIBU: Inakuhusu, mwalimu. Oktoba 2014, wakati ule ule wa msimu mzuri, zaidi ya watu 40 walikufa kwenye eneo la Annapurna, wengi karibu na kivuko cha mlimani cha Thorong La, mita 5,416. Walikuwemo watalii wa kutembea kama wewe, waelekezi na wapagazi. Kimbunga Hudhud kilipiga pwani ya mashariki ya India tarehe 12, mabaki yake yakapanda hadi Himalaya na kumwaga theluji nyingi tarehe 14. Wengine walifukiwa na maporomoko, wengine walipotea ndani ya weupe usio na mbele wala nyuma wakafa kwa baridi.

Kwa hiyo, ukiwa Manang, kijiji kilicho kabla ya Thorong La, tazama taarifa za vimbunga vya Ghuba ya Bengal, si utabiri wa kijiji pekee. Kikitajwa kimbunga kinachoelekea kaskazini, kaa ulipo. Theluji ikianza kabla ya kuvuka, usivuke. Ikikukuta njiani, rudi kwenye nyumba ya wageni ya mwisho uliyoiacha. Baada ya theluji nyingi ngoja angalau siku moja au mbili za anga safi, na usikubali kufuata kundi kwa sababu tu limeondoka. Weka siku tatu za ziada kati ya mwisho wa matembezi na ndege yako ya kurudi Nairobi. Tiketi ndiyo huwasukuma watu wengi kuvuka siku isiyofaa. Mpagazi wako naye awe na koti, viatu vya kufunga na miwani ya jua. Mkague kabla ya kuondoka, kwa kuwa wewe ndiye uliyemwajiri.

SWALI: Barafu ya Mlima Kenya na ya Kilimanjaro inaisha. Basi si milima hiyo itakuwa salama zaidi? *Msomaji wa Nairobi West*

JIBU: Kinyume chake, kwa kipindi hiki. Barafu hushikilia mawe mahali pake. Ikiyeyuka, mawe yanabaki yakining'inia. Januari 2006, mawe yaliyoporomoka kwenye upande wa Western Breach wa Kilimanjaro yaliwaua Wamarekani watatu waliokuwa wakipanda. Na barafu yenyewe ikilowa maji ndani huweza kukatika kipande kizima: Julai 2022, kipande cha barafuto ya Marmolada, Italia, kilianguka mchana wa joto kali na kuua watu 11.

Barafuto ya Lewis, ambayo zamani wapandaji waliivuka wakitoka kibanda cha Austrian kwenda kuanzia Nelion, imesinyaa na kugawanyika. Ilipokuwa theluji ya kukanyaga, sasa pana barafu ngumu, mwamba uliosuguliwa na vifusi visivyotulia. Anayepanga kupanda Nelion azingatie pia jua liko upande gani. Kati ya Desemba na Februari jua huwa kusini, kwa hiyo upande wa kusini-mashariki ndio hukauka. Kati ya Juni na Septemba huwa kaskazini, na kuta za kaskazini ndizo zenye mwamba mkavu, wakati za kusini hubaki na barafu.

Vukeni eneo la Lewis kungali giza au mara tu kunapopambazuka, mawe yakiwa bado yamegandia. Kofia ngumu ivaliwe kuanzia kwenye kibanda, si kuanzia kwenye kamba ya kwanza, na ivuliwe mkishafika tena kibandani. Mkisikia jiwe, msiinue uso kulitafuta: jibanzeni ukutani, mkoba juu ya shingo. Na mkifika chini ya ukuta wa Nelion, fungeni kamba pembeni, palipo na mwamba uliotokeza juu ya vichwa vyenu. Sehemu ile pana iliyojaa mawe mapya yenye kingo kali ndipo mawe huangukia.